Utumbo "unaovuja" na kinga inayoushambulia mwili: kilichothibitika na kinachouzwa

Ukipanda basi dogo kutoka Moshi kwenda Arusha, usishangae kabla hamjafika Boma Ng'ombe abiria mmoja akasimama katikati, akasalimia kwa jina la Bwana, kisha akafungua mkoba. Zamani angekuwa anauza dawa ya minyoo na ya meno. Siku hizi anauza unga wa kuziba utumbo. Maelezo yake yamepangika: utumbo wako umepata matundu, uchafu unapenya kwenda kwenye damu, kinga ya mwili inachanganyikiwa, na matokeo yake ni baridi yabisi, lupasi, kisukari, ngozi isiyopona na uchovu usioisha. Ziba matundu, yote yaondoke. Habari hiyohiyo inazunguka kwa sauti zilizorekodiwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya koo na ya vikoba.

Kumjibu muuzaji huyu si kazi rahisi, kwa sababu hajatunga kila kitu. Nusu ya kwanza ya habari yake imetoka maabara kweli. Anapofungua mkoba ndipo anapoacha njia. Na mwaka 2025 mkanganyiko uliongezeka pale watafiti wa hospitali ya rufaa ya KCMC hapa Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walipochapisha utafiti kuhusu vyakula vya Kilimanjaro na kinga ya mwili. Matokeo yenye kurasa nyingi yakafupishwa vijiweni: mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ni dawa. Tutaufikia utafiti huo, lakini tuanze na vitu vyenyewe.

Nani anamshambulia nani

Kinga ya mwili ni mkusanyiko wa seli na protini zinazomtambua mgeni na kumwondoa. Baadhi ya protini hizo, yaani kingamwili, hutengenezwa kwa ajili ya mgeni mahsusi: bakteria huyu, kirusi yule. Katika magonjwa ya kinga kujishambulia, silaha hizohizo huelekezwa kwa mwili wenyewe. Kwenye baridi yabisi ya aina hii hushambuliwa utando wa ndani wa viungo. Kwenye kisukari aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, huuawa seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kwenye lupasi, ambayo wagonjwa wake takribani tisa kati ya kumi ni wanawake, huweza kuguswa ngozi, viungo, figo na hata damu. Kwenye seliaki hushambuliwa utumbo mwembamba. Yapo zaidi ya 80 ya namna hii. Kisukari cha ukubwani, kile tunachokisikia kila msibani, hakimo kwenye orodha hiyo. Ni aina ya pili na kina njia yake, ingawa muuzaji anavichanganya vyote kwenye kopo moja.

Sasa bakteria. Mtu mzima wa kilo 70 amebeba takribani trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli zake mwenyewe. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 2016 na ikaua madai ya zamani kwamba bakteria wanatuzidi kumi kwa mmoja, madai ambayo bado yanasomwa kwenye semina za virutubisho. Kwa uzito ni kama gramu 200 tu. Wengi wao wanaishi utumbo mpana, mahali pasipo na hewa ya oksijeni, na wengi hawana ugomvi na sisi.

Kinachowatenganisha na damu yetu ni safu moja ya seli. Moja tu. Juu yake kuna ute, na kwenye utumbo mpana ute huo una matabaka mawili. La ndani, linalogusa seli, karibu halina bakteria kabisa. Mikunjo yote ya njia ya chakula ikinyooshwa inapata eneo la mita za mraba 30 hivi. Chini ya safu hiyo kuna seli nyingi sana za kinga, na hilo halishangazi: hakuna mpaka mwingine mrefu hivyo wenye wageni wengi hivyo.

Aliyekulia uchagani anaujua uzio wa mimea ya masale unaozunguka kihamba, shamba la nyumbani. Ni uzio unaoishi. Unaota, unanyauka, unachipua tena, na una mahali panapojulikana pa kupitia: maji ya mfereji yanaingia, jirani anaingia kwa kubisha hodi, mbuzi wa watu wanabaki nje. Uzio usiopitisha chochote ungemuua mwenye nyumba kwa njaa. Ukuta wa utumbo uko hivyo. Kazi yake ya kwanza ni kupitisha maji, sukari, chumvi na vitamini. Kuzuia ni kazi ya pili. Seli zake hufa na kubadilishwa kila baada ya siku chache, kati ya tatu na tano. Kati ya seli na seli kuna vifungo vya protini vinavyolegea na kukaza kulingana na mahitaji. Mwaka 2000 kundi la mtafiti Alessio Fasano, aliyekuwa Maryland nchini Marekani, lilieleza protini moja inayolegeza vifungo hivyo, ikaitwa zonulini. Kwa hiyo kupitisha kidogo ni jambo la kawaida, la kila siku, kwa kila mtu. Swali ni kiasi, ni nini kinachopita, na wenye nyumba wanakipokeaje.

Masale pia yanataka mbolea, na hapa ndipo bakteria wanapoingia kwa upande wa heri. Nyuzinyuzi za maharage, ulezi, mtama, dona, mboga za majani na ndizi haziwezi kuvunjwa na vimeng'enya vyetu. Zinapita utumbo mwembamba zikiwa karibu kama zilivyoliwa, zinafika utumbo mpana, na bakteria wanazichachua. Kinachotoka ni gesi (hiyo hatuhitaji kuelezwa na mtu) pamoja na asidi kadhaa ndogo, mojawapo ikiwa butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Zaidi ya hapo, tafiti za mwaka 2013 kwa panya zilionyesha kwamba inaongeza seli za kinga ambazo kazi yake ni kuzituliza seli nyingine zisicharuke ovyo. Na nyuzinyuzi zikikosekana? Mwaka 2016 watafiti waliwapandikiza panya bakteria wa binadamu kisha wakawanyima nyuzinyuzi. Bakteria hawakukaa na njaa. Walianza kuula ute. Tabaka likawa jembamba, na kijidudu cha kuharisha kilipoletwa kikapita kwa urahisi.

Njia tatu za kukosea

Kinga inafikaje kuushambulia mwili kwa sababu ya bakteria? Njia zinazojulikana si moja, na kuzichanganya ndiko kunakozaa hadithi ya kopo moja.

Ya kwanza ni kufananisha. Mfano wake ulio karibu nasi haumo tumboni kabisa, uko kooni. Mtoto anaugua koo kwa bakteria aina ya streptokoki, hatibiwi ipasavyo, kingamwili zinatengenezwa, na kwa baadhi ya watoto kingamwili hizo zinaziona valvu za moyo kuwa ni bakteria wale wale. Miaka baadaye binti wa sekondari anapanda ngazi anakosa pumzi. Ugonjwa wa moyo unaotokana na maambukizi hayo ya koo bado unajaza wodi za watoto na za vijana Tanzania, na wengi wetu hatujawahi kuuhesabu kama ugonjwa wa kinga kujishambulia.

Tumboni yupo Campylobacter, bakteria anayekaa sana kwa kuku na anayeleta kuharisha nyama isipoiva vizuri. Ganda lake la nje lina sukari zinazofanana na zilizopo kwenye mishipa ya fahamu ya binadamu. Kwa mgonjwa mmoja hivi kati ya 1,000, wiki chache baada ya tumbo kupona, kinga inaanza kuishambulia mishipa hiyo: ganzi na udhaifu vinaanzia miguuni na kupanda juu, wakati mwingine hadi misuli ya kupumua. Huo ndio ugonjwa wa Guillain-Barré. Ukitaka ushahidi usio na utata kwamba bakteria wa tumbo anaweza kuanzisha ugonjwa wa kinga mbali na tumbo, huo unatosha.

Njia ya pili ni uzio wenyewe, na mfano wake ulioshiba ni seliaki. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa ameishuku ngano kwa miaka kadhaa. Ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika, na watoto aliokuwa akiwatibu, waliokuwa wakidhoofu kwa kuharisha, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, na maradhi yakarudi. Leo tunajua kisa. Gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, haisagwi kikamilifu. Vipande vyake vinapita ukuta wa utumbo mwembamba, na kwa mwenye jeni fulani kinga inavipokea kwa vita ambavyo mwisho vinaubomoa ukuta wenyewe.

Angalia hapo neno "jeni fulani". Kwa watu wenye asili ya Ulaya, takribani 30 hadi 40 kati ya 100 wanazo jeni hizo, na karibu wote wanakula ngano. Wanaougua ni kama mmoja kati ya 100. Jeni ipo, ngano ipo, na walio wengi wako salama. Fasano alipendekeza kwamba kinachohitajika ni mambo matatu kukutana: jeni, kichokoo (kitu kinachoichokoza kinga, kama gluteni), na ukuta uliolegea kupita kiasi. Basi, wakasema wengi, tukaze ukuta. Dawa ya kufanya hivyo ilitengenezwa, inaitwa larazotaidi, na ikafika hatua ya tatu ya majaribio kwa wagonjwa wa seliaki. Mwaka 2022 jaribio lilisitishwa, kwa sababu tathmini ya katikati ilionyesha kwamba faida, kama ipo, ni ndogo kiasi cha kuhitaji wagonjwa wengi mno ili ionekane. Hiyo ni dawa iliyobuniwa mahsusi kwa kazi hiyo, ikapimwa kwa ugonjwa ambao kichokoo chake kinajulikana. Anayeuza unga kwa shilingi elfu kumi na tano anadai amepita hapo walipokwama.

Njia ya tatu ni malezi. Kinga ya mtoto hujifunza kuvumilia kwa kukutana na vijidudu mapema. Ufini ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa kisukari aina ya kwanza. Ng'ambo ya mpaka wake, Karelia ya Urusi, wanaishi watu wanaokaribiana nao sana kwa jeni, na huko ugonjwa huo umekuwa chini takribani mara sita. Mwaka 2016 watafiti walilinganisha bakteria wa watoto wa pande hizo mbili na wa Estonia. Watoto wa Ufini na Estonia walikuwa na bakteria wengi zaidi wa jamii ya Bacteroides, ambao ganda lao halikuiamsha kinga sawasawa. Watoto wa Urusi walipata mazoezi zaidi. Haijawa hukumu ya mwisho, lakini inaeleza kwa nini jeni zilezile zinaweza kuishi kwa amani kijiji kimoja na kuleta msiba kijiji cha pili.

Ushahidi haulingani

Ukitoka kwenye seliaki na Guillain-Barré, ardhi inaanza kuteleza. Chukua lupasi. Mwaka 2018 watafiti wa Yale walionyesha kwamba bakteria aitwaye Enterococcus gallinarum anaweza kuvuka ukuta wa utumbo wa panya wenye mwelekeo wa ugonjwa huo, akafika kwenye ini, na akaichochea kinga. Panya walipokingwa dhidi yake walipata nafuu. Alama zake zilionekana pia kwenye maini ya baadhi ya wagonjwa. Kazi nzuri, lakini kutoka kwa panya hadi kwa dada mwenye lupasi kliniki ya KCMC ni safari ambayo dawa nyingi huanza na chache hufika.

Kwenye baridi yabisi kuna kisa kinachotuhusu zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa New York waliripoti kwamba wagonjwa wapya, ambao hawajaanza dawa, walikuwa na wingi usio wa kawaida wa bakteria aitwaye Prevotella copri kuliko watu wazima wasiougua. Ukisoma habari hiyo peke yake utamtafuta Prevotella ili umfukuze. Lakini jamii hiyohiyo ya bakteria imejaa kwa watu wanaokula nyuzinyuzi nyingi: vijijini Burkina Faso, na karibu nasi hapa, kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Baadaye, mwaka 2019, uchambuzi wa kina ulionyesha kwamba jina hilo moja linabeba matawi manne tofauti, na kwamba watu wasioishi kizungu huwa wanayo kadhaa kwa pamoja. Jina la bakteria pekee, kwa hiyo, halitoshi kumtia hatiani. Kipimo cha choo kinachokuletea orodha ya "wabaya" na "wazuri" iliyotungwa kwa matumbo ya New York kinaweza kuwahukumu wakazi halali wa tumbo la Karatu.

Kisha lipo swali ambalo muuzaji halitaji: kipi kilitangulia? Kinga iliyocharuka yenyewe hulegeza vifungo vya ukuta. Ukimpima mgonjwa leo na kukuta utumbo unapitisha kuliko kawaida, huenda unaangalia matokeo ya ugonjwa. Njia bora ni kuwapima watu kabla hawajaugua na kusubiri. Hilo limefanyika kwa ndugu wa karibu zaidi ya 1,400 wa wagonjwa wa Crohn, ugonjwa wa kinga unaoharibu utumbo. Waliokuwa na ukuta unaopitisha zaidi ndio walioelekea kuugua baadaye, wakati mwingine baada ya miaka. Huo ni ushahidi wenye uzito, ila ni wa ugonjwa wa utumbo wenyewe. Kwa viungo, ngozi na figo, mlolongo huo haujakamilika.

Na kuna jambo la nyumbani ambalo kwangu linaivunja hadithi ya kopo moja kuliko hoja nyingine yoyote. Haydom, mkoani Manyara, ilikuwa moja ya vituo vya utafiti wa MAL-ED uliofuatilia watoto wachanga katika nchi nane. Watoto wengi wa mazingira kama hayo, wanaokutana na vijidudu vya kinyesi kila siku kupitia maji na udongo, wana utumbo unaopitisha kuliko kawaida. Hupimwa kwa kunyweshwa sukari mbili ambazo mwili hauzitumii, kisha kuangalia kiasi gani cha kila moja kinatokea kwenye mkojo. Utumbo wao kweli unavuja, kwa maana halisi ya maabara. Na athari inayowaandama ni kudumaa na chanjo za mdomo kutofanya kazi vizuri. Kama kuvuja peke yake kungetosha kuleta lupasi na baridi yabisi, vijiji hivyo vingekuwa vya kwanza kujaa.

Jeni nazo hazitoshi. Pacha wa kufanana wana jeni zilezile, lakini mmoja akiugua baridi yabisi, mwenzake huugua takribani mara 15 tu kati ya 100.

Kiburu, soseji na wiki mbili

Turudi kwenye utafiti wa hapa kwetu. Wanaume 77 wenye afya njema wa mkoa wa Kilimanjaro walishiriki. Wa vijijini waliozoea chakula cha asili walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha mtindo wa kizungu: soseji, mkate mweupe, chipsi. Wa mjini wakafanyiwa kinyume chake: ndizi na maharage ya kiburu, ulezi, mboga za majani, bamia. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja. Waliohamia soseji damu yao ilionyesha protini za kucharuka kwa kinga zimepanda, na seli zao za kinga zikawa nzito kujibu vijidudu zilipojaribiwa. Waliohamia kiburu protini hizo zilishuka. Wa mbege pia walionyesha mabadiliko ya kushuka. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Ni utafiti mzuri, na ninajivunia umefanyika hapa badala ya kusubiri kusikia habari za matumbo yetu kutoka nje. Lakini soma ulichopima. Washiriki walikuwa wazima. Hakuna aliyekuwa na lupasi wala baridi yabisi. Walikuwa wanaume, na magonjwa haya mengi huwapata zaidi wanawake. Muda ulikuwa mfupi. Mbege ni ndizi na ulezi vilivyochachuka, ndiyo, lakini ina pombe, na pombe ikizidi inalegeza ukuta uleule tunaouzungumzia. Anayelitumia jina la KCMC kuagizia kata ya pili ya mbege anajisomea mwenyewe.

Habari za Wahadzabe nazo zisomwe kwa uangalifu huohuo. Mwaka 2014 walilinganishwa na Waitalia wa Bologna wakakutwa na bakteria wa aina nyingi zaidi, na mwaka 2017 ikaonekana bakteria wao hupungua na kurudi kufuata majira, kadiri chakula kinavyobadilika kati ya mizizi, matunda, asali na nyama. Wapo wanaohitimisha kwamba basi hawaugui. Wanaugua, na watoto wao wamekuwa wakifa kwa maambukizi kwa kiwango ambacho hakuna mzazi wa Njiro au Shanty Town angekikubali.

Yanayouzwa, na yanayodhuru kimyakimya

Utumbo kutoboka kweli kupo. Homa ya matumbo isiyotibiwa inaweza kuutoboa utumbo mwembamba: maumivu makali ya ghafla, tumbo linakaza, mgonjwa anapelekwa chumba cha upasuaji siku hiyohiyo. Hilo ni jambo jingine kabisa na vifungo vya seli, vinavyoonekana kwa darubini tu.

Kuhusu "kusafisha utumbo": sanamaki na mshubiri vinaharisha, na mtu aliyeharisha anajiona mwepesi. Kilichotoka ni maji, chumvi na sehemu ya bakteria wako. Ukuta haujapata kitu. Kuhusu vipimo vya zonulini vinavyouzwa mtandaoni: mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba vifaa vya kibiashara vilivyokuwa vikitumika sana havipimi zonulini bali protini nyingine. Kuhusu unga unaotuliza viungo ndani ya siku tatu, uwe na shaka zaidi kuliko na ule usiofanya kitu. Sehemu mbalimbali duniani bidhaa za "asili" za viungo zimekutwa zimechanganywa kwa siri na dawa za kupunguza uvimbe na maumivu, yaani steroidi au diklofenaki. Ndiyo maana zina mashahidi wengi, na ndiyo maana kuziacha ghafla baada ya miezi kunaweza kumwangusha mtu.

Diklofenaki yenyewe inastahili neno. Mtu mwenye magoti mabovu anainunua dukani, anameza kila siku, kisha ananunua na dawa ya kuziba utumbo. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana bila ubishi kuharibu ukuta wa tumbo na wa utumbo mwembamba. Antibiotiki za kununua bila cheti, vile vidonge vya rangi mbili tulivyozoea kumeza kwa kila mafua, zinafyeka bakteria bila kuchagua. Ukitaka kuulinda uzio, anzia kwenye kabati la dawa.

Mtindi na maziwa mgando ni chakula kizuri, ila hakuna jaribio lililoonyesha kwamba vinatibu ugonjwa wowote kati ya haya tuliyoyataja. Maziwa yasiyochemshwa, hata yakitoka kwa ng'ombe wa nyumbani, yanaweza kuleta brusela, na brusela huleta homa, jasho na maumivu ya viungo na mgongo. Kwenye utafiti wa wagonjwa wa homa waliolazwa Moshi mwaka 2007 na 2008, brusela ilikutwa miongoni mwao. Kwa hiyo mfugaji anayeumwa viungo Monduli au Hai apimwe hiyo kabla hajaambiwa kinga yake imemgeuka. Brusela inatibika.

Halafu chapati. Asiye na seliaki hana sababu iliyothibitishwa ya kuikimbia ngano. Anayeshuku anayo asiache ngano kabla ya kupimwa, kwa kuwa kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo hupungua gluteni ikiondoka. Ukienda umeshaacha miezi mitatu, jibu linaweza kusema huna wakati unayo. Akithibitika, bahati yake ni kuishi huku: ugali, wali, ndizi, mtama, ulezi, loshoro na kiburu havina gluteni, mradi unga usisagwe kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano.

Kwa chakula, ushauri uliopo ni mwepesi kuliko unavyouzwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na gramu 400 za mboga na matunda. Dona badala ya sembe, maharage mara nyingi kuliko mara moja kwa wiki, mchicha au mnafu usiokosekana: kwa bei za soko la Mbuyuni au Kilombero hilo linafikika bila kopo lolote. Mgonjwa anafaidika nalo kama mtu mwingine yeyote. Halichukui nafasi ya matibabu.

Vidole vya mikono yote miwili vikivimba na kuwa vigumu kila asubuhi kwa nusu saa au zaidi, wiki sita zikapita, nenda hospitali ukapimwe kingamwili, maana viungo huharibika zaidi miaka ya mwanzo na dawa hufaa zaidi mapema. Mojawapo ya dawa hizo, salfasalazini, ilitengenezwa Uswidi na daktari Nanna Svartz na wenzake kwa ajili ya baridi yabisi, na ikimezwa hufika utumbo mpana ambako bakteria ndio wanaoikata vipande viwili ili ifanye kazi. Bakteria hao hawajui kwamba kuna mtu anauza dawa ya "kusafisha utumbo" inayowafukuza. Kwa kisukari aina ya kwanza hakuna hata nafasi ya majaribio. Mtoto anayekunywa maji bila kukoma, anayekojoa kitandani ghafla na kukonda apimwe sukari siku hiyo, na akishaanza insulini asiachishwe kwa ahadi ya mtu yeyote: bila insulini anaweza kufa ndani ya siku chache, hata kama analishwa ulezi na mtindi asubuhi na jioni.